Zuhura Binti Athumani

Bani Malik, Jeddah

Mume wangu Bakari,

Asalam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mgongo umepona na hasira zimepoa, na kama kimoja lazima kibaki, basi ubaki mgongo, maana huo dawa yake ninayo. Mama mkwe jicho lake linaendeleaje? Mimi ni mzima, nimekonda kidogo, utaniona mwenyewe. Nakuandikia kwa sababu ulinikatia simu, na barua huwezi kuikata katikati ya neno. Salma, jirani yetu hapa, anasafiri kesho kutwa, yeye ndiye atakayekupa mkononi.

Kazi ya ndani Riyadh nimemaliza. Asubuhi ya mwisho pale Al-Malqa madam alinipa pasi yangu mlangoni, akasema, "Halas, Mwanasha, nenda salama." Miaka minne sikuwahi kuishika. Niliifungua pale pale nikatazama picha, nikacheka peke yangu, msichana gani huyu mwenye mashavu hivi! Kisha nikapanda basi la Jeddah, kutwa nzima jangwa tu, na pembeni yangu mama mmoja wa Kisudani anakula mayai ya kuchemsha mpaka nikahisi nanuka mimi.

Mtoto nilimkuta kwa Bi Saumu, yule mpishi wa Kilifi aliyekaa chumba kimoja na mamake, marehemu Rehema, rafiki yangu wa chuoni. Ndiye amemlea Zuhura tangu Rehema alipotutoka. Mimi njia nzima nilijipangia kwamba mtoto atanirukia shingoni. Wapi! Alijificha nyuma ya mlango, akalitazama begi langu, akamuuliza Bi Saumu, "Huyu ndiye madam wangu?"

Bi Saumu alicheka. Mimi sikuweza. Kila jioni mtoto huyu amewasikia wanawake wa nyumba ile wakisimulia madam kasema hivi, madam kakataza vile, basi yeye kadhani kila mtu hatimaye huletewa wake.

Siku ya pili nilikwenda ubalozi wetu mdogo kujaza fomu za safari ya mtoto. Barua ya bibi yake ya kukubali tumchukue ninayo, na kadhi wa huko nyumbani atamalizia. Kwenye jina la mtoto nikaandika Zuhura Bakari, kama ulivyotaka. Karani, mzee wa Lamu, alisoma akaweka kalamu chini.

"Mwanangu, kwani huyu mtoto hana babake?"

"Alikuwa naye. Athumani, dereva. Alikufa ajalini kabla ya mamake."

"Basi huyu ni Zuhura Athumani. Hatuwezi kumvua jina la babake. Wewe na mumeo mtamlea na kumsomesha, lakini hamtakuwa wazazi wake. Mtakuwa makafili wake."

Bakari, neno lile lilinichoma. Nikamwambia, "Mzee, mimi kafili namjua. Ndiye mwajiri aliyenifungia pasi kabatini miaka minne. Sitaki kuwa kitu hicho kwa mtoto."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Neno ni moja, kazi ni mbili. Kafili wa yatima husimama mahali pa mzazi, hali mali yake, wala hamfichi alikotoka." Akanipa fomu nyingine. Nikaandika Zuhura Athumani, herufi moja moja, sikufichi, kwa sababu masikioni nilikuwa nakusikia wewe kabla hujakata simu: "Kama habebi jina langu, ni nani kwangu?"

Nimelifikiria swali lako siku tatu. Wewe si mtu mbaya. Daktari alipotuambia hatutazaa, watu walikushauri uoe mwingine, na hukuniacha. Najua unavyotamani mtu aitwe kwa jina lako. Hilo sikuletei, na linaniuma. Ninayemleta ni mtoto wa miaka minne asiyetaka kuona kitunguu, anayelala amekumbatia kiatu cha mamake. Nampenda tayari. Nilidhani itachukua muda, haikuchukua.

Jana nilimpa karatasi yake ya safari, ile yenye picha yake. Nikamwambia ni yako, ishike. Bi Saumu akapiga kelele, "Ataichana huyo!" Haikuchanika, imeingia jemu pembeni tu. Alizunguka nayo nyumba nzima akiwaonyesha wapangaji, kisha akaja akaniuliza, "Madam hataichukua?" Nikamjibu kwa Kiarabu cha huku, "Mafi madam," yaani hakuna madam. Alicheka sana, na tangu hapo ndio wimbo wake, mafi madam, mafi madam, hata akiwa anaogeshwa.

Tunafika Mombasa Jumamosi asubuhi. Ukija uwanja wa ndege, njoo ukijua unampokea binti Athumani. Usipokuja sitakutukana. Nitampeleka kwa mama yangu Kisauni, nami nitakaa huko naye, na nitalia, lakini simrudishi.

Nisalimie mama mkwe, mwambie dawa ya jicho nimenunua. Nisalimie wifi yangu Mwanahamisi, na kwa kuwa ni fundi, ashone gauni la mtoto wa miaka minne, kiuno akiachie nafasi, tumbo lipo. Na yule mzee wa kahawa pale nje, mwambie tende zake sijasahau.

Zuhura amesimama hapa kando ananiuliza namwandikia nani. Nimemwambia, Bakari. Akauliza, "Yeye ataichukua karatasi yangu?" Nimemwambia hapana, huyo atakushika mkono. Usinifanye mwongo.

Mkeo,
Mwanasha