Hewa ya Nairobi

Marani, 2 Machi 2025

Kwa wifi yangu Syprose,

Salamu nyingi. Sisi ni wazima, ila nyumba imepoa tangu wewe na kaka yangu Ogeto mmchukue mama. Mguu wake unaendeleaje? Kidonda hicho cha kisukari nimekiosha tangu mavuno ya mahindi na hakuna aliyenisifu. Jana kanisani wamemshukuru Mungu kwa ajili ya mke wa Ogeto, anayemponya mama kwa hewa. Hewa! Kwani hapa Marani tunapumua nini? Naona wivu, na sifichi.

Wifi yako,
Mokeira

Nairobi, 15 Machi 2025

Wifi mpendwa,

Hatujambo. Ogeto yuko Mombasa kikazi. Hii si hewa ya kawaida. Mama analazwa ndani ya chombo kama pipa kubwa la kioo, kisha oksijeni tupu inasukumwa humo kwa nguvu. Damu inaibeba mpaka mguuni, pale ilipokuwa haifiki vizuri, na mishipa midogo na nyama mpya vinaanza kuota. Kingo za kidonda zimeanza kuwa nyekundu.

Shida ni kwamba mlango ukifungwa tu anapiga kioo akilia, "Baba! Baba!" Juzi walimtoa kabla ya wakati. Nadhani anamwona marehemu babake. Daktari anasema asipotulia, mguu utakatwa. Tuombe.

Wifi yako,
Syprose

Marani, 19 Machi 2025

Syprose, salamu baadaye. Umeolewa kwetu miaka yote hii na hujui? Kwa Kikisii, baba ni mama! Naye alinipa jina la mamake, ndiyo maana huniita hivyo tangu nizaliwe. Hamwiti marehemu, ananiita mimi. Nimecheka mpaka nikalia. Hospitali ni yako, hewa ni yako, lakini jina ni langu. Mwambie nakuja nikimaliza kuchuma majani chai.

Baba mwenyewe,
Mokeira

Nairobi, 2 Aprili 2025

Wifi mpendwa,

Habari za huko? Tulikungoja. Daktari alipotupa nafasi ya mwisho, mama akaita tena. Nikachukua simu ya kuongea na mgonjwa aliye ndani, nikajibu, "Ee, niko hapa." Akatulia mpaka mwisho. Tangu hapo hajakosa hata siku moja. Nyama imejaa, ngozi inafunika, mguu haukatwi.

Nisamehe. Sasa hata nyumbani ananiita hivyo.

Wifi yako,
Syprose

Marani, 6 Aprili 2025

Wifi,

Asante kwa mguu. Hilo linatoka moyoni. Majani chai nimeyaacha shambani, kesho nakuja.

Akiita, usijibu.

Binti yake,
Mokeira