Samaki wa Kisima cha Biasha

Jumanne, 6 Mei

Daftari, niwie radhi. Tangu hitima ya arubaini ya mke wangu Biasha sijakufungua — mwaka mzima na ziada. Sikuwa mgonjwa, wala sikuwa safarini. Sikuwa na sentensi, basi. Kwa miaka thelathini na sita niliwafundisha watoto kwamba asiye na la kusema aweke kalamu chini. Nikaiweka.

Leo lipo la kusema, ingawa ni dogo. Mwanangu Issa ameniletea tangi la kioo. Hoteli ya Galu anakofanya kazi ya ufundi inabadilisha ukumbi wake, wakataka kulitupa. Akalipakia kwenye tuktuk, akaja kulitua sebuleni, pale ilipokuwa cherehani ya mama yake. Hakuniuliza! Alisema nimepata wa kuzungumza naye. Nikamwambia samaki hawazungumzi.

"Ndiyo maana, Baba. Hawatakubishia."

Twaiba, mkewe, akacheka mpaka mtoto akaamka. Alamin sasa ana miezi miwili na nusu. Maziwa ya mama yake yalikatika baada ya upasuaji, kwa hiyo anakunywa ya unga, yakorogwayo kwa maji ya kisima chetu. Nimeagiza mimi mwenyewe: yachemshwe sana, na yakisha kuchemka yachemshwe tena.

Alhamisi, 8 Mei

Nimekwenda Ukunda kununua samaki. Duka ni chumba kimoja, giza, matangi yanang'aa ukutani. Muuzaji ni msichana wa bara, jina lake Purity. Hakuniamkia. Alisema, "Sasa mzee, unataka hizo samaki gani?" Nikamwambia: samaki hawa, si hizo. Akacheka. Akasema, "Hawa basi. Bei ni ile ile."

Alitaka kujua tangi limekaa na maji muda gani. Siku moja. Akatikisa kichwa. Tangi hukaa wiki tatu na pampu ikizunguka, ndipo samaki waingie. Maji mapya huwaua. Nikamjibu kwamba maji yangu ni ya kisima cha wakfu nilichomchimbia marehemu Biasha, yanayonywewa na kaya ishirini. Samaki ni nani hata ayakatae?

"Sawa, Mwalimu," akasema. Sikuwa nimemwambia kuwa mimi ni mwalimu.

Nimenunua gapi sita, wadogo, mikia kama vitambaa vya hariri. Dume mmoja ana mkia wa rangi ya zafarani. Biasha angempenda.

Jumapili, 11 Mei

Watatu wamekufa.

Jumatatu, 12 Mei

Wote wamekufa. Yule wa zafarani alikuwa wa mwisho.

Nimempigia Purity simu. Akaniuliza maswali kama mkaguzi. Tangi nililiosha kwa kitu gani? Sabuni. Chakula? Asubuhi, adhuhuri na jioni, konzi. Akasema, "Mwalimu, umewaua na heshima zako zote."

Ameniambia ukweli. Makosa ni yangu na nayaandika hapa ili nisiyarudie: tangi haliguswi na sabuni. Chakula ni kiasi cha kushikwa na ncha za vidole viwili, mara moja kwa siku. Maji hayabadilishwi yote kwa pamoja, ila theluthi, na yawe yamelala kwanza ndooni.

Nimelisafisha kwa chumvi na maji matupu. Nitaanza upya, kwa utaratibu.

Ijumaa, 30 Mei

Maji ya tangi yamezunguka wiki mbili na nusu bila samaki. Purity alinipa kokoto za tangi lake mwenyewe, eti zina uhai mdogo unaokula uchafu. Sikuamini, lakini nilizitandaza. Leo baada ya swala nimetia gapi watano. Wanaogelea vizuri.

Jirani yangu Mejumaa alikuja kuteka maji, akachungulia dirishani. "Mwalimu! Hawa ni wa kupaka au wa kukaanga? Niambie nikune nazi."

Nikamwambia ni wa kutazama.

"Mtu wa pwani anatazama samaki!" Akaita wenzake waje waone. Wanne walijaa dirishani na ndoo zao kichwani. Kisha Mejumaa akasema neno lililonikaa. Akasema, "Tulipokuomba utie samaki kisimani, ulikataa. Leo umemleta ukumbini umpe na taa."

Ni kweli. Kisima kilipochimbwa, mumewe alikuja na ningu mzima katika debe. Ndiyo desturi ya wazee hapa: samaki hutiwa kisimani na kwenye birika la msikiti. Hula viluwiluwi vya mbu. Na akiishi, watu hunywa bila wasiwasi. Nilimrudisha na debe lake. Nilisema kisima cha wakfu hakiwekwi mnyama akanya ndani yake. Nilisema kwa ukali. Alikuwa amevaa kanzu, maskini.

Jumapili, 1 Juni

Mvua tangu alfajiri. Jana nilibadilisha theluthi ya maji, kama nilivyofundishwa. Yalikuwa yamelala ndooni siku nzima. Leo samaki wote wako juu, midomo nje, wanavuta pumzi kama watu waliokimbia. Mmoja amekufa. Nilimfunua shavu — matamvua yake si mekundu. Ni ya rangi ya kahawa. Sijawahi kuona samaki wa namna hiyo, nami nimekula samaki kwa miaka sabini na mbili.

Nimepunguza chakula. Sijakosea popote. Nimepitia hatua zote mara mbili.

Twaiba alileta mtoto nimtazame. Anasema halii sana siku hizi, analala tu. Kucha zake na midomo ina rangi ya zambarau. Mejumaa akasema ni baridi ya masika, avikwe kofia na soksi. Alivikwa. Nami nikamkumbusha Twaiba: maji yachemke sana.

Akajibu, "Yanachemka mpaka yanabaki nusu, Baba."

Nikamsifu.

Jumanne, 3 Juni

Wamebaki wawili. Nilimpelekea Purity maiti katika chupa ya jemu. Safari hii aliniamkia. Alimtazama yule samaki muda mrefu. Akatoa kopo la vikaratasi vya kupimia sumu ya uchafu katika maji: unachovya, unahesabu mpaka sitini, unalinganisha rangi na zile zilizochorwa kwenye kopo. Nyeupe ni salama. Waridi, tahadhari. Nyekundu iliyoiva, hatari.

Nilikuwa nimebeba maji ya tangi katika chupa nyingine. Yakawa mekundu. Akasema nimewalisha sana. Nikamwambia, binti, nimewalisha kwa ncha za vidole viwili, mara moja, na siku nyingine sikuwalisha kabisa! Watu waligeuka barabarani. Hakukasirika. Alisema polepole, "Basi Mwalimu, pima maji kabla haijaingia tangi." Nikalinunua kopo, nikarudi nyumbani.

Nimepima. Ndoo iliyotoka kisimani saa hiyo hiyo, sikuiweka hata kivulini. Nilifika thelathini tu, karatasi ikawa nyekundu kuliko ya tangi. Nikapima maji ya mvua, ya pipa lililo chini ya mchirizi. Nyeupe. Ilibaki nyeupe.

Vikaratasi vimeingia unyevu. Ni bidhaa za bei rahisi. Nimevifungia kwenye droo. Kesho nitapima tena, kwa utulivu.

Jumatano, 4 Juni

Asubuhi. Nimewahamishia wale wawili kwenye beseni la maji ya mvua.

Kabla ya adhuhuri. Wameshuka chini. Wanaogelea! Mmoja amekula.

Nimepima ndoo tatu za kisima. Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Kosa halikuwa la unyevu wa karatasi.

Nilimpigia Purity. Hakutania. Aliuliza kama tunayanywa. Nikamwambia kaya ishirini. Aliuliza kama yuko mtoto mchanga. Kwao, kijiji kizima kiliwahi kukatazwa maji ya namna hii kwa ajili ya watoto wachanga. Damu yao inashindwa kubeba pumzi. Nikamwambia tunayachemsha. "Kuchemsha inaua vijidudu, Mwalimu. Hii si kijidudu. Ni kama chumvi. Ukichemsha maji inapungua, yenyewe inabaki."

Mpaka yanabaki nusu.

Sikukata simu. Niliiweka mezani nikapiga kelele, "Twaiba! Mwaga!" Lakini Twaiba alikuwa akipiga kelele kabla yangu. Mtoto alikuwa wa rangi ya jivu, macho wazi, halii. Issa alikuwa nyumbani, zamu yake ni ya jioni. Walimfunga kwenye leso wakakimbilia gari la jirani. Nilimshika Issa mkono mlangoni: mwambie daktari ni maji, mwambie maji ya kisima. Alinitazama kama sikuzungumza naye Kiswahili.

"Maji ya mama?"

Wameondoka. Nyumba ni kimya. Pampu ya tangi bado inazunguka, tangi halina kitu.

Jana nilijua. Niandike hivyo hivyo, bila kuzunguka. Jana alasiri nilijua, nikafunga droo. Usiku mtoto alinyweshwa mara tatu.

Alhamisi, 5 Juni

Issa amepiga simu alfajiri. Mtoto yuko kwenye oksijeni, amedungwa dawa. Damu waliyomtoa ilikuwa ya rangi ya kahawa. Daktari aliuliza habari za maji tu, mara ya kwanza na ya pili, na Issa alipomjibu hakuuliza kingine. Hawasemi atapona. Hawasemi hatapona. Wanasema tungoje mpaka kesho.

Kisha Issa akauliza uchafu umetoka wapi. Nilisema sijui.

Ninajua. Nimetoka na bakora nikapima kwa hatua. Kutoka shimo la choo la vyumba vya kupangisha hadi kisimani: hatua kumi na nne. Issa alipovijenga vyumba vile mwezi wa Desemba, fundi alitaka kulichimba shimo upande wa mashariki, bondeni, mbali kabisa na kisima. Lakini upande ule ndiko alikolala Biasha. Nilitoka hivi hivi, na bakora hii hii. Nikasema choo hakitachimbwa jirani na kaburi la mke wangu, maadamu mimi ni hai. Fundi alisema, "Lakini mzee, kisima..." Sikumwacha amalize. Nikachora mduara mchangani, upande wa kisima. Nikasema: hapa.

Kaburi lake ni safi. Hakuna hata jani juu yake.

Na kisima ni chake pia. Nilikichimba kwa ajili yake, kila kikombe kinywewacho kiwe thawabu kwake. Maandishi ya kwenye saruji niliyatunga mimi, nikayachonga kwa msumari kabla haijakauka: *Maji haya ni ya wote. Mwombeeni Biasha binti Boga.* Wanayanywa, wanamwombea. Tangu Desemba tumekuwa tukimtumia nini huko?

Saa mbili asubuhi. Nimeifungua kamba kutoka kwenye kapi, nimeileta ndani pamoja na ndoo. Iko chini ya kiti ninachokalia, inadondosha maji sakafuni.

Wateka maji walikuja kama kawaida. Nilisikia madebe yao, kisha sauti ya Mejumaa. "Hodi! Mwalimu, kamba imekwenda kuhiji?" Nikatoka. Wote wakaacha kutania, wakauliza hali ya mtoto. Mejumaa alikuwa ameshika bakuli la uji wa Twaiba, ampelekee hospitali. Ameupika kwa maji gani, sikuuliza. Nilipaswa kuuliza!

Nilisema, "Kamba imekatika."

Uongo wa maneno mawili. Niliwahi kuwachapa watoto kwa mdogo kuliko huo.

Mejumaa akasema nisijisumbue, nina mgonjwa. Kuna kamba ya ziada msikitini; ataiomba, na baada ya alasiri atakuja kuifunga mwenyewe. Akanishika bega. Alisema, "Maji ya marehemu hayatalala, Mwalimu."

Nilimnyang'anya bakuli. Sijui nilifanyaje. Nililishika tu nikaingia nalo ndani, na wao wamebaki uani wakitazamana. Uji nimeumwaga chooni. Bila shaka wanasema nimechanganyikiwa kwa huzuni. Wananihurumia.

Sasa ni adhuhuri. Nikiwaambia maji ni mabaya, watauliza kwa nini. Nikisema ni shimo, watamwendea Issa, aliyejenga. Na Issa atabeba lawama ya mtoto wake mwenyewe, wala hatasema ni nani aliyechora mduara, kwa kuwa hanivunjii heshima. Najua nilivyomlea. Nikisema ni mimi, basi ni mimi niliyewanywesha watoto wao, na kisima kitafukiwa, na jina la Biasha na saruji yake vitakwenda humo humo. Au shimo lihamishwe — na pa kulihamishia hapana pengine ila mashariki, jirani na kaburi lake.

Kikaratasi kimoja kimebaki kwenye kopo. Samaki wawili wako hai besenini, wanakuja juu nikisogeza kidole, wanadhani nina chakula.

Mume wa Mejumaa amepita njiani sasa hivi, kanzu ile ile, kamba ya msikiti begani. Hakungoja alasiri. Anasalimia watu. Anakuja huku.

Nikisha kuamua nitakachomwambia, nitakiandika hapa, kama kitakavyokuwa.