Alif kwa Mkono wa Kushoto

Jumatano, 2 Julai

Upepo tena. Nimeandika bango la duka la dawa za mifugo asubuhi, vumbi likaja kukaa juu ya rangi mbichi kama lilialikwa. Nimepiga msasa, nimerudia. Julai hapa Nduguti haifai kwa rangi ya mafuta, ila ofisi zinafunguliwa kila kukicha na kila ofisi inataka jina mlangoni.

Watu walisimama kunitazama. Hawajanizoea tu. Mimi ni mashoto, na naanza na herufi ya mwisho, narudi nyuma hadi ya kwanza. Nikianza mwanzo, kiganja kinapita juu ya rangi na kufuta nilichokwisha kuandika. Kwa hiyo neno DUKA kwangu linaanzia kwenye A. Wapita njia wanabahatisha litakuwa neno gani. Mmoja leo alisema fundi amelewa.

Mchana akaja Ustadhi Idi, mwalimu wa madrasa mpya nyuma ya soko. Anataka ukuta wa mbele uandikwe. Juu Bismillahi kwa Kiarabu, chini jina la madrasa kwa Kiarabu na Kiswahili. Ufunguzi ni Ijumaa, tarehe mosi Agosti, baada ya sala. Nikamwambia mimi ni Mlutheri. Akasema ukuta hauulizi dini ya fundi. Nikamwambia basi nitumie picha kwenye simu, herufi ni michoro tu, mimi nachora chochote.

Nilijibu kwa kiburi. Nikajipenda kidogo.

Alhamisi, 3 Julai

Nimechora kwenye boksi, nikampelekea. Ameangalia kwa muda mrefu, kisha akauliza nukta hii imetoka wapi.

Kioo cha simu yangu kina ufa. Nukta ilikuwa ufa.

Akanieleza taratibu. Nukta ikizidi hapa, herufi inakuwa nyingine na neno limeharibika. Jina la Mungu, nami nimelitia ufa wa simu. Aibu niliyoisikia sijui niiweke wapi.

Hataki nijue Kiarabu chote, anataka nijue ninachoandika. Niende kila siku baada ya sala ya alasiri, nikae na watoto. Nimekubali kwa sababu ya ile aibu. Elimu haikuwa akilini.

Jumamosi, 5 Julai

Somo la kwanza. Mkekani. Magoti yameuma.

Herufi ishirini na nane. Nilidhani nitazimeza zote leo. Ustadhi amekataa. Anazipanga kwa ukoo. Ba, ta, tha zina umbo moja, kisahani kinachotazama juu. Zinatofautiana kwa nukta. Ba moja chini, ta mbili juu, tha tatu juu. Ukijua umbo moja umepata herufi tatu. Leo ukoo huo tu, pamoja na alif, ambayo ni kijiti kilichosimama. Alif nimeiweza mara moja. Nilimwangalia Ustadhi nikitegemea sifa. Hakutoa.

Watoto walimaliza mapema wakaanza kunisahihisha. Binti mmoja aliniita babu. Nina miaka arobaini na sita.

Jumanne, 8 Julai

Leo nimecheka peke yangu barabarani.

Kiarabu kinaandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Nilikuwa najua hivyo kichwani, mkono ulikuwa bado haujajua. Leo Ustadhi alinipa ubao na chaki, nikaandika mstari mzima. Mkono unatangulia mahali peupe, maandishi yanabaki nyuma yake, safi. Hakuna kilichofutika. Sikulazimika kuanza na mwisho. Nilianza na mwanzo, kama watu wengine, mara ya kwanza maishani.

Mama alikuwa akiufunga mkono huu kwa kipande cha kanga nilipokaribia kuanza shule, ili wa kulia ulazimike kufanya kazi. Hakuwa mkatili. Alitaka nisichekwe, na nisije nikampa mtu kitu kwa mkono mbaya. Kula na kusalimia kwa kulia nilijifunza. Kuandika nilishindwa, na mpaka leo akiwa hapa naficha penseli.

Nina furaha. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Ijumaa, 11 Julai

Ain. Sauti ya herufi hii inatoka chini kabisa kooni, mahali ambapo sikujua kuna kazi. Nilikuwa naifanyia mazoezi uani. Debora, mke wangu, akatoka jikoni mbio na kikombe cha maji. Alidhani nimekwamwa na mfupa wa kuku.

Nimemweleza. Sasa ananisalimia kwa ain.

Jumatatu, 14 Julai

Nimekasirika. Nilikuwa nimeshazijua herufi, moja moja, kwa majina yake. Leo naambiwa zikikaa kwenye neno zinashikana mikono na kubadilika sura. Ha ya mwanzoni si ha ya katikati, na ya mwishoni ina mkia. Ain nayo ikiingia katikati inakuwa kifundo. Na zipo ambazo hazishiki za mbele yake hata uzibembeleze. Alif ni mmoja wao. Sura yake haibadiliki sana, ndiyo maana nilimwamini.

Niliandika neno kwa kutenga herufi, kila moja imesimama peke yake kama watu wasiosalimiana. Ustadhi akacheka mpaka kofia ikasogea. Halafu akasema acha kuhesabu herufi, andika neno zima bila kuinua chaki, nukta utaziweka mwishoni. Nimejaribu. Mbaya, lakini ni neno.

Alhamisi, 17 Julai

Nimesoma. Sikuchora, nimesoma.

Ustadhi aliandika neno ubaoni, hakusema chochote. Kaf, ta, alif, ba. Nikazivuta pamoja. Kitabu. Wao wanasema kitab, lakini ni kitabu kilekile. Akaandika lingine: kalamu. Lingine: salamu. Haya maneno yamekaa mdomoni mwangu tangu utotoni, na sikuwahi kuyaona nyumbani kwao. Akanionya nisizoee. Yapo tuliyoyachukua tukayapa kazi nyingine, na yapo ambayo hatukuyachukua kabisa, hayo ndiyo mengi. Sawa. Leo acha nifurahie haya machache.

Nimerudi nyumbani nikisoma kila kilichokuwa na Kiarabu. Pakiti ya tende. Kalenda kwa kinyozi. Kinyozi aliniuliza nimesilimu lini.

Jumatatu, 21 Julai

Siku mbaya.

Ukuta nilishaupaka nyeupe mara mbili, nimepiga mistari kwa uzi wa chaki, nimepanga mapipa na mbao za kusimamia. Nikatoa brashi kuanza Bismillahi. Mzee Hamisi akafika. Ni mwenyekiti wa msikiti, mrefu, mpole, hapandishi sauti. Nikamwamkia. Akaitikia. Akanitazama mkono.

Akasema, "Fundi, jina la Mwenyezi Mungu haliandikwi kwa mkono huo."

Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonimaliza. Kama angefoka ningefoka. Kwamba mimi ni Mkristo hakulitaja, wala halimsumbui. Ni mkono tu. Nikashuka kwenye mbao na kufunika kopo.

Jumatano, 23 Julai

Ustadhi Idi amekuja nyumbani. Anasema kwa maoni yake mkono si dhambi, Mungu ndiye aliyeugawa. Lakini Mzee Hamisi ni mkubwa wake, na msikiti umejengwa kwa nguvu zake. Hawezi kumpinga hadharani. Wakikosa njia watamwita fundi mwingine kutoka Singida mjini, siku zimebaki chache.

Nimemwambia wamwite. Nimesema kwa sauti ya mtu asiyejali. Najali sana. Ukuta ule nimeusomea. Sijawahi kuusomea ukuta wowote.

Ijumaa, 25 Julai

Nimejaribu mkono wa kulia. Kutwa nzima, nyuma ya nyumba, kwenye mabati ya zamani. Alif imepinda. Ba imemwagika. Lam imetetemeka kama mzee mwenye homa. Debora alipita na ndoo, akaangalia, akaendelea bila neno. Mke wangu huwa hanyamazi. Basi ni mbaya kweli.

Nimekuwa mtoto wa kanga tena. Nimechukia.

Jumapili, 27 Julai

Baada ya ibada nilikwenda kwa Mzee Hamisi. Nilitaka kujiuzulu kwa heshima, ana kwa ana, nisionekane nimenuna. Nilikuwa nimenuna.

Nilimkuta uani anapepeta alizeti. Shikamoo. Marahaba, fundi, karibu. Akanionyesha ungo mdogo uliokuwa karibu na miguu yangu, akaniomba nimpe. Nikauokota nikampa kama nilivyofundishwa na mama: mkono wa kulia umeshika ungo, wa kushoto umeshika mkono wa kulia, na mwili umeinama kidogo. Akapokea, akashukuru.

Mimi nikabaki nimeinama. Naiangalia mikono yangu.

Sijamwambia kitu kuhusu kujiuzulu. Nimeaga kwa haraka, nadhani alishangaa. Nyumbani nikachukua brashi kwa kulia, kwa kushoto nikakamata kifundo cha mkono ule, nikaenda kwenye bati. Alif. Imesimama. Ba imekaa. Nikaandika mstari wote, polepole, na mkono wa kulia ukifuata unakopelekwa kama mbuzi mwenye kamba.

Debora alisimama mlangoni. Akasema, "Sasa hiyo ni kazi." Nikahisi machozi. Sitajifanya hayakuwapo.

Jumanne, 29 Julai

Asubuhi na mapema, kabla ya upepo. Niliomba Mzee Hamisi aitwe. Sikutaka kumfanyia mtu ujanja kwenye ukuta wake.

Nilipanda mbao. Nikashika brashi kwa kulia, wa kushoto ukiwa chini yake. Nikamuuliza kama naweza. Ustadhi Idi alikuwa anatazama miguu yake mwenyewe. Brashi ilikuwa inadondosha rangi.

Mzee akasema, "Hivyo ndivyo mtu anavyompa mkubwa wake. Endelea."

Akavuta tofali akakaa. Hakuondoka mpaka nilipoweka nukta ya mwisho. Niliandika neno kwa neno bila kuinua brashi isipopasa, nukta mwishoni, kama nilivyofundishwa. Nilijua kila herufi jina lake na ndugu zake. Kusema kweli wa kulia ulishika brashi tu, wa kushoto ndio uliokuwa unaandika. Mzee anajua. Mimi najua. Mungu naye anajua, na hakuna aliyesema neno.

Niliposhuka, Mzee akaniambia jina la madrasa niandike kwa mkono wowote nitakao. Madrasa ni yetu sisi tu, akasema, hatuna makuu.

Nimeliandika kwa kushoto, kutoka kulia. Limeteleza kama maji. Kiswahili chake nikaanza na herufi ya mwisho, kama kawaida yangu, na watu wakasimama kubahatisha.

Ijumaa, 1 Agosti

Ufunguzi. Watoto walipangwa mbele ya ukuta wakasoma kwa sauti. Nami nilisoma nao, nikiwa nyuma na Debora, kwa sauti ya chini. Yule aliyeniita babu aligeuka kuhakikisha kama nimepatia. Nadhani nimepatia.

Pilau nzuri. Rangi ilikuwa imekauka kabla vumbi halijaja.

Ustadhi aliniuliza kama sasa nimemaliza. Nimemwambia Jumatatu, baada ya alasiri, nitakuwa mkekani. Kuandika ninachokielewa nimekuonja, sirudi nyuma. Sasa nataka kuelewa wakizungumza. Akasema hiyo ni safari nyingine. Nikasema magoti yamezoea.

Jumapili, 3 Agosti

Mama alifika jana kutoka Ulemo, na viazi vitamu na kuku mmoja wa Debora. Amezeeka tangu Pasaka. Jioni nilimpeleka kuona ukuta. Hasomi Kiarabu, na Kiswahili anasoma kwa kusogeza karatasi mbali. Alisimama pale mpaka upepo ukamchoka. Akauliza nimeandika kwa mkono upi. Nikamwambia juu kwa yote miwili, chini kwa huu. Tukarudi polepole.

Leo baada ya chai tulikuwa barazani. Debora yuko jikoni. Kuku anatembea na kamba mguuni, hajui yanayomsubiri. Mama akasema anataka jina lake, kwa maandishi yale. Nikaenda ndani kuchukua karatasi. Niliporudi alikuwa ameshaiokota penseli yangu mezani.

Akaninyooshea. Kwa mkono wake wa kulia, wa kushoto ukiwa umeshika kiwiko, kama mtu anavyompa mkubwa wake, na mimi ni mwanawe. Nikatoa mkono wa kulia kupokea, kama alivyonifundisha. Akaisogeza penseli pembeni, upande wa pili, akasubiri.

Nikapokea kwa kushoto.

Nimeandika Mariamu. Mim, ra, ya, mim. Ameitazama karatasi kwa mbali, kisha kwa karibu. Ameikunja mara moja, ameiweka ndani ya Biblia yake, na sasa amelala.