Nani Ataniitikia Ubeti

Shoga yangu Zuhura,

Umeniacha pabaya, nakwambia wazi. Miezi mitatu tangu tukuzike hapa Garsen na bado nina hasira nawe. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, herufi zimepinda kama njia ya kwenda Hewani. Usicheke.

Jambo lenyewe ni hili. Wanawake wetu wanataka kuucheza tena ule mchezo wa mashairi, siku ya Idi. Nafasi yako ya malkia wamempa Esha wa kivukoni. Esha! Msichana anayesoma kwenye karatasi kama karani anayeita majina barazani. Wakaniuliza kama nitasimama naye. Nikasema siendi. Siku nne sijatoka uani.

Unakumbuka ulivyoninasa? Ulitoka kwenu Kipini na mashairi ya wazee kichwani, unatafuta mtu wa kuwa mama aliyefiwa na mwanawe. Wenye waume walikatazwa. Ukaja kwangu mjane, bibi wa wajukuu sita, Mpokomo ambaye wakati huo hata alifu sikuijua. Nikakwambia mimi si mtoto wa kucheza. Ukasema, "Basi wewe twanga mpunga wako, bibi, mimi nitasema peke yangu." Kumbe mtego. Kila mstari una mizani nane, na kila mizani ukaipa pigo moja la mchi. Nikikosea, unaninyang'anya mchi. "Ulimi wako umejaa matope ya mto, Mama Jilo! Rudia!" Nikarudia mpaka mchele ukawa unga. Tulikunywa uji wiki nzima kwa ajili yako.

Na ile siku ya kwanza uwanjani, watu wamejaa, nikatoa ubeti wangu:

Mwanangu u wapi leo,
nakuita huitiki.

Wale wanawake wa Kiorma waliokuja kuuza maziwa hawakujua kama ni mchezo. Wakaweka vibuyu chini, wakaingia katikati kunishika mikono na kunipa pole. Mmoja akaniuliza mtoto amezikwa wapi. Nikakutazama. Ukaninong'oneza, "Wamekuamini, we mzee! Usiharibu!" Kisha ukapaza sauti yako ya malkia ukaniitikia: Nyamaa, mama, nyamaa.

Siku ya maziko yako sikulia. Hata chozi moja. Nikawasikia nyuma yangu, "Kilio cha uongo anakijua, cha kweli hana." Nikageuka nikawatukana, maiti yako haijatoka ndani. Nisamehe kwa hilo. Lakini kweli, sikulia. Wewe ulinizoesha vibaya: mimi kilio, wewe jibu. Nikianza peke yangu nani atanijibu? Siku hizi nikitwanga nasema ubeti wangu, halafu panapofika pako nanyamaza, mchi uko juu. Mke wa Jilo ananitazama anadhani nimeanza kupotewa na akili.

Jana asubuhi Esha akaja. Hana karatasi. Akakaa chini akasema, "Bibi, nafasi ya Bi Zuhura imenishinda. Hata kusimama sijui."

Nikamwambia huo mgongo wake wa kuokota kuni hauwezi kuwa wa malkia. Nikainuka nimwonyeshe. Nikafungua mdomo, Zuhura, na maneno yako yote yakatoka, hakuna lililobaki nyuma. Miaka yote nimekuwa nikiyasikiliza kumbe nayameza. Esha naye, kwa kukosa la kufanya, akajibu kwa ubeti wa mama. Vibaya, vibaya kabisa! Lakini alikuwa analia, mtoto wa watu. Nikamwitikia. Katikati ya mstari sauti ikanikatika, na mimi nikalia mpaka mke wa Jilo akaja mbio.

Basi tumebadilishana. Idi mimi ni malkia. Esha atatwanga mpunga wangu mpaka mikono iote malengelenge, na nitamtukana kwa kila pigo atakalokosa.

Pumzika, mwenzangu. Nakuahidi hakuna mstari wako utakaoanguka mikononi mwangu. Na watu wakinisifu, sitasema ni kazi yako.

Haya, nitasema. Lakini mara moja tu.

Ni mimi,
Mama Jilo