Doa la Tatu kwenye Bawa

Jumatatu, 3 Novemba 1952
Mabawa ya usubi tu hapa maabara, tangu asubuhi. Kidudu kidogo kuliko chembe ya unga, lakini kikikuuma utajikuna mpaka kesho. Nabandika bawa kwenye kioo kwa gundi, nalipiga picha kwa darubini, Docteur, mkuu wangu, anahesabu madoa meupe kwenye picha na kutaja aina. Ya wiki hii yametoka mtaa wa Katuba, barabara ya mama yangu. Mama hajui.

Jumanne, 4 Novemba
Docteur ameona doa la tatu. Madoa mawili ni usubi wa matope ya mto. Matatu ni yule anayezaliana katika vigogo vya migomba vilivyooza na kubeba vijidudu vya damu. Ameandika barua, itapelekwa serikalini Jumamosi: migomba yote ya barabara ile ikatwe. Mama aliipanda yake mwaka baba alipofia mgodini. Naichukia kazi hii.

Jumatano, 5 Novemba
 Nimewaza kuiunguza picha. Aibu.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimeitazama tena. Doa la tatu ni duara kabisa, lina ukingo mweusi. Mengine hayana. Nikatoa kioo chenyewe. Kiputo cha hewa. Ndani ya gundi yangu, mimi ninayejisifu kwa mikono mitulivu! Mwezi uliopita Docteur alisema kiputo kingine kikitokea, narudi kuosha chupa. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimekirudisha kioo, nimenyamaza. Mwoga mkubwa.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimekiri kosa langu.
"Docteur, hii haiko doa. Iko hewa. Mi njo nilikosa."
 Bawa la kushoto la usubi yuleyule lilikuwa bado kwenye alkoholi. Nikalibandika mbele yake, polepole, jasho likinitoka. Madoa mawili. Akatazama mara tatu, akaichana barua. Kisha akanionyesha kwa kidole karo la kuoshea vyombo. Chupa, mpaka Noeli. Nimerudi nyumbani nikicheka peke yangu njiani. Watu wamenishangaa.

Jumapili, 9 Novemba
Baada ya misa, kwa mama. Migomba imesimama. Nimekaa chini yake, amenipa ndizi.
"Mikono yako inanuka sabuni, mwana."
Nikamjibu kazi imebadilika kidogo.  Usubi wakaniuma shingoni. Nikajikuna, nikamenya ya pili.