Nilimzika Mtu wa Kwenye Simu

Mtani wangu Athumani,

Sikuulizi hali. Najua umelala, na kulala ulikupenda tangu zamani, hasa siku za palizi. Nakuandikia kwa mwandiko wangu wa darasa la nne. Usicheke, wako ulikuwa mbaya zaidi.

Nina aibu, Athumani. Mimi Mnyamwezi nisiye na haya, nina aibu.

Desturi unaijua. Msagara akifa, sisi watani wake ndio tunaovaa nguo zake, tunatembea kama yeye, tunakohoa kama yeye, mpaka wanaolia wacheke na machozi yao. Tuliahidiana atakayetangulia, mwenzake amwigize. Ukatangulia, kama ulivyokuwa ukiwahi penye pilau.

Siku ya kukuzika mkeo Mwajuma akanipa koti lako la kaki na kofia yako. Nikavaa. Pale Kilosa uani kwako watu wakakaa mkao wa kucheka. Nami nikaigiza ya kwenye simu. Ile ya mchekeshaji wa Dar, mzee anayefufuka kwenye jeneza, akakonyeza jicho, akauliza nani kala nyama. Tangu mjukuu aliponinunulia hii simu ya kupangusa nimelitazama igizo hilo mpaka miguu ikalizoea. Vijana wakanimalizia maneno kabla sijayasema, wakanirekodi. Walicheka sana, na kichwa kikanivimba.

Mwajuma hakucheka. Alisubiri nivue koti, akalipokea, akaniambia, "Shemeji, leo umemzika nani? Mume wangu simwoni humo."



Siku chache baadaye nikaenda msibani Kimamba. Marehemu bibi mmoja mpole, muuza maandazi, nyama yenyewe hagusi. Mtani wake, kijana wa Kisukuma, akajifunga kanga yake akaigiza ile ile: jeneza, nyama, mpaka kule kukonyeza. Watu wakacheka vile vile. Msagara, Msukuma, Mnyamwezi, kicheko chetu kimekuwa kimoja, kimetoka sehemu moja. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikakalia kinu. Nikaona tunazikwa wote kama mtu mmoja, na mtu huyo hakuna anayemjua.

Na wewe hukuwa wa kufananishwa, bwana. Ulikuwa unaitikia "marahaba" kabla mtoto hajakuamkia, eti unampunguzia kazi. Ulitembea bega la kushoto mbele, kama anayepenya mlango mwembamba. Na siku ile tunatoka Mikumi na baiskeli, matenga ya nyanya nyuma, tembo akasimama katikati ya njia. Mimi nikajitupa mtaroni. Wewe ukavua kofia, ukamwambia, "Shikamoo mzee, sisi wapita njia tu." Akatupisha. Mpaka unaingia kaburini ulidai aliitikia.

Yote hayo ninayo. Halafu nikakuzika kwa kitu cha kuokota.

Nilikwenda kwa Mwajuma kumwomba nikuigize upya siku ya arobaini yako. Akasema nimwonyeshe kwanza. Nikatembea pale uani, na miguu ikaniletea yule wa simu. Nikajikuta nakonyeza. Akageuza uso. Hapo, Athumani, ndipo nilipolia. Makaburini sikulia.

Akainuka mwenyewe, akajitanda kanga yake, akatembea. Bega mbele. Alikuwa wewe kabisa, hata kuku wako walimfuata wakidhani wanapewa pumba.

"Uje jioni, shemeji," akaniambia. "Na hiyo simu iache kwako."

Basi nakwenda. Mzee mzima nafundishwa kuwa wewe kama mtoto wa madrasa, nikikosea napigwa kwa upawa. Jana nilipatia kikohozi. Bega bado linanisumbua, lako lilipinda kwa mizigo, langu limepinda kwa uzee tu.

Kwaheri, mvivu wangu. Lala, Mungu akulaze pema, ingawa wewe popote ulilala. Nakuahidi, siku ya arobaini sitaleta neno la mtu mwingine. Vijana wakitoa simu nitawaambia wazirudishe mifukoni. Huenda uani pote asicheke mtu ila Mwajuma.

Akicheka yeye, nitajua nimekuzika.

Mtani wako,
Maganga