Kwa Heritier, Niliyekubadilishia Insha

Heritier mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa garini, nje ya ghala ninakofanya kazi hapa Fort Worth, na nina hasira. Waliokupiga risasi kule kwetu Uvira, Kongo, nimewalaani mpaka nimechoka. Leo hasira yote ni juu yangu mimi mwenyewe.

Unakumbuka siku ya wale askari? Mimi nilikuwa na miaka kumi na tatu, wewe saba, tumejibana chini ya kitanda cha mama yako, mama mdogo wangu aliyenilea. Tuliona buti tu. Kisha tukamwona mama chini, na kitako cha bunduki kikishuka juu ya goti lake, mara moja, mbili, tatu, mpaka mfupa ukatokeza nje. Ulitaka kupiga kelele, nikakuziba mdomo, ukaning'ata kidole hadi damu. Kovu ninalo. Mama akapona, tukakimbilia Bujumbura, akauza ndagala, dagaa wa huko, huku akichechemea na kuwatukana wateja kama kawaida yake. Mimi nikaletwa Texas kama mkimbizi, nyinyi mkabaki.

Hayo ndiyo uliyoandika ulipoomba nafasi kwenye chuo kikuu kimoja cha huku, vile vinavyochukua watu wachache na kujigamba kwamba vina wanafunzi wa kila nchi. Ukamalizia kwamba kila asubuhi ulimhesabia mama hatua zake kutoka nyumbani hadi sokoni, na hapo ndipo ulipoanza kupenda hesabu. Nililia niliposoma.

Nikaendesha gari mpaka Alief, Houston, kwa mzee mmoja Mkenya anayesaidia watoto wetu ku-apply. Akaisoma, akaitupa mezani.

"Ni poa, lakini haitoshi. Watachukua Mkongo mmoja, dada, na Wakongo wote wameona bunduki. Kumbe mama alipona? Basi story imeisha hapo."

Siku ya mwisho ya kutuma, umeme ulikuwa umekatika kwenu. Ukanipa password kwa simu, ukaniita Yaya, dada mkubwa, kama siku zote, ukasema, "Yaya, utume vile iko."

Sikutuma vile iko. Nilimuua mama yako. Nilimpiga risasi mbili za kifua kwa sentensi moja, nikafuta hatua zake zote, nikabonyeza.

Wakakuchukua! Tulipiga vigelegele kwenye simu mpaka jirani akagonga ukuta. Barua yao ikasema wanajivunia kumpokea kijana aliyepoteza wazazi wote wawili. Ukaniuliza, "Yaya, wazazi wawili? Si ni baba tu alikufa?" Nikakujibu wamekosea kuandika, usiwasumbue. Ukaniamini, jamani, kwa nini uliniamini?

Ubalozini, afisa alishika barua ile, akakuuliza wazazi walikufa lini. Nawe ukasema kweli: "Mama iko hapa inje, amenisindikiza." Wakakunyima viza kwa kusema uongo, wewe ambaye hukusema hata mmoja. Ukarudi Uvira kufundisha hesabu. Ulikuwa ukifuta ubao mchana kweupe wakati watu wenye bunduki walipoingia darasani. Risasi mbili za kifua. Niliposikia idadi, niliifungua ile sentensi yangu, nikaisoma tena.

Nilirudi Alief, nikamkuta yule mzee kwenye maegesho ya kanisa, nikamchapa kofi miwani ikaruka chini ya gari. Watu wakanishika. Hakunirudishia, aliinama tu akiitafuta miwani.

"Mimi nilisema tu, dada. Nani alibonyeza?"

Nilitaka kumpiga tena, nikarudi garini.

Mama yako hajui. Kila Jumapili ananipigia simu: "Asante binti yangu, ulimuhangaikia sana." Namwitikia, naenda bafuni, nagonga ukuta kwa ngumi. Vidole viwili vimevimba.

Jana alipiga tena. Jumamosi wanaondoa matanga yako, ndugu wote watakuwepo. Ameomba nisome kwenye simu, kwa Kiswahili, ile insha yako iliyowapendeza Wazungu. "Nataka nisikie vile mutoto alisema juu yangu."

Ninazo zote mbili kwenye laptop. Ya kwako peke yake ingemfariji mpaka afe, na mimi ningeendelea kushukuriwa kila Jumapili. Mungu anisamehe, nimeitaka sana njia hiyo.

Nitamsomea kwanza ya kwako, na hatua zake zote. Kisha nitamsomea ile niliyotuma, neno kwa neno, mpaka pale anapokufa. Akipiga kelele, sitamziba mdomo.

Pumzika, mdogo wangu. Huku kidole ulichoning'ata bado kinauma.

Ni mimi,
Yaya yako